Simu, Laini na Siri: Ulinzi wa Vifaa katika Biashara Ndogo za Same na Upare

Mji wa Same umekaa chini ya Milima ya Pare, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Mkulima wa tangawizi wa Mamba, mvunaji wa mpunga wa Ndungu na mwalimu wa shule ya Mbaga wote huhitaji fedha taslimu mara kwa mara, na aghalabu hawazifuati benki. Huzifuata kwa wakala. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini mwaka 2008, na nyingine za namna hiyo kufuata, kibanda chenye simu mbili, daftari na droo ya fedha kimekuwa ni sehemu ya maisha ya kila siku, mjini na vijijini.

Kibanda hicho ni biashara ndogo, lakini vifaa vyake hubeba thamani iliyo kubwa mno kuliko bei yake dukani. Tuchukue mfano. Tuseme wakala mmoja anapata faida ya shilingi 15,000 kwa siku baada ya kutoa gharama zote. Ikiwa siku moja shilingi 1,500,000 za salio lake la uwakala, ambalo mawakala wenyewe huliita floti, zitatoweka, itambidi afanye kazi siku 100 bila ya kuonja faida, ili arudi pale alipokuwa. Wengi hawafiki siku hiyo ya 100. Kibanda hufungwa, mkopo uliochukuliwa kwa ajili ya mtaji hubaki, na mzee wa kijijini aliyezoea kupokea fedha ya mwanawe hapo hulazimika kusafiri.

Kwa hiyo ulinzi wa vifaa si jambo la mabenki na makampuni makubwa peke yake. Katika makala hii tutaeleza jinsi vifaa hivyo vinavyofanya kazi, kwa kuwa mtu hawezi kulinda vyema kitu asichokifahamu. Tutaona kwamba hasara nyingi hutokana na kudhani kuwa kufuli moja inatosha, hali vitu vinavyohitaji kufungwa ni vingi, na kila kimoja kina kufuli yake.

Fedha haimo ndani ya simu

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba fedha haimo ndani ya simu. Salio linaloonekana kwenye kioo ni taarifa tu, iliyoletwa kutoka katika kumbukumbu zinazotunzwa na kompyuta za kampuni. Simu ikivunjika vipande vipande, salio halipungui hata senti moja. Simu ni mfano wa ufunguo wa ghala: anayeupoteza hajapoteza mahindi, ila amempa aliyeuokota uwezo wa kuyafikia.

Ufunguo huo umeundwa kwa sehemu tatu. Ya kwanza ni kifaa chenyewe, yaani simu. Ya pili ni laini, yaani kile kikadi kidogo kinachotiwa ndani ya simu. Ya tatu ni namba ya siri ambayo mwenye biashara huihifadhi kichwani. Watu wengi huzichukulia sehemu hizi kuwa kitu kimoja kwa sababu hutumika pamoja. Mwizi, kinyume chake, huzitazama mbalimbali, naye hutafuta ile iliyo dhaifu.

Kifaa na namba yake

Kila simu ina namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, iliyotolewa wakati wa kutengenezwa kwake. Namba hiyo huonekana kwa kubonyeza *#06#. Tarakimu 14 za kwanza huitambulisha simu, na ya 15 hupatikana kwa hesabu maalum kutokana na zile zilizotangulia, ili kosa la kunakili liweze kugunduliwa. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliweka rejesta ya kati ya namba hizo nchini Tanzania, na mwezi Juni 2016 simu bandia, ambazo namba zake hazikuwa halali, zilizimwa zisitumike katika mitandao.

Faida ya namba hii kwa mwenye duka ni kwamba simu iliyoibwa inaweza kufungiwa katika mitandao, madhali namba yake inajulikana. Lakini ni wangapi waliokwisha kuiandika? Baada ya simu kuibwa haiwezekani tena kuibonyeza. Yafaa basi kila mwenye biashara aandike namba za simu zake zote katika daftari linalobaki nyumbani, si katika lile la dukani ambalo laweza kwenda pamoja na simu.

Kufuli ya kifaa ni ile ya kioo, iwe kwa tarakimu, kwa neno la siri au kwa alama ya kidole. Kufuli hii huzuia mtu asisome ujumbe, asitazame picha za vitambulisho vya wateja, wala asifungue barua pepe ya biashara. Hapo ndipo uwezo wake unapokoma.

Laini ina kufuli yake

Kikadi cha laini si kipande cha plastiki tu. Ndani yake mna kompyuta ndogo sana iliyohifadhi namba ndefu ya siri, na nakala ya namba hiyo inatunzwa na kampuni ya simu. Simu inapowashwa, mtandao huipelekea laini namba ya kubahatisha, kana kwamba unaiuliza swali la hesabu. Laini hufanya hesabu kwa kutumia ile siri yake na kupeleka jibu peke yake. Mtandao nao hufanya hesabu hiyo hiyo kwa upande wake, na majibu yakilingana, laini hukubaliwa. Siri yenyewe haipiti hewani hata mara moja. Huu ni ufundi wa hali ya juu, na ndio unaowezesha mtandao kumtambua mwenye laini hata akihama kutoka Same kwenda Tanga.

Hata hivyo ufundi huo huitambua laini, haumtambui aliyeishika. Mwizi aliyeshindwa kufungua kioo cha simu anaweza kuichomoa laini na kuitia katika simu yake mwenyewe. Kuanzia hapo ujumbe wote uliokusudiwa kwa mwenye duka, pamoja na zile tarakimu za uthibitisho zinazotumwa na benki au na barua pepe, humfikia mwizi. Kioo kilichofungwa hakikusaidia kitu.

Dawa yake ipo, nayo haina gharama. Laini yenyewe inaweza kuwekewa namba ya kufungulia kupitia sehemu ya mipangilio ya usalama katika simu. Namba hii ni mbali na ile ya kutolea fedha. Ikiwekwa, laini haitafanya kazi ndani ya simu yoyote mpaka itiwe namba hiyo, na mtu akikosea mara tatu laini hujifunga, ikawa inadai namba ndefu ya tarakimu 8 inayopatikana kwa kampuni ya simu. Kabla ya kuibadilisha, hakikisha unaijua namba iliyowekwa na kampuni tangu mwanzo, ambayo aghalabu huchapishwa katika kadi laini ilimokuja.

Zaidi ya hayo, laini yaweza kuibwa bila kuguswa. Mhalifu anaweza kujaribu kuomba laini mpya yenye namba ile ile, akidai kuwa ya zamani imepotea. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza nchini mwezi Mei 2019, uliifanya njia hii iwe ngumu zaidi, lakini ulileta tahadhari mpya: alama ya kidole nayo yahitaji kuchungwa. Msajili akikuomba uweke kidole mara ya pili na ya tatu kwa madai kuwa mashine haikusoma, yawezekana anasajili laini nyingine kwa jina lako. Kwa kubonyeza *106# mtu huweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na kutoa taarifa juu ya asiyoijua.

Hesabu ya namba ya siri

Sehemu ya tatu ni namba ya siri ya kutolea fedha. Tarakimu nne hutoa namba 10,000 mbalimbali, tangu 0000 hata 9999. Kwa kuwa mtandao huifunga akaunti baada ya majaribio machache yasiyofaulu, tuseme matatu, mwizi anayebahatisha ana nafasi 3 tu katika 10,000.

Hesabu hiyo ni kweli ikiwa tu namba ilichaguliwa bila ya utaratibu unaotabirika. Wengi huchagua mwaka wa kuzaliwa. Miaka ya kuzaliwa ya watu wazima walio wengi huangukia kati ya 1950 na 2009, yaani miaka 60. Sasa nafasi ya mwizi si 3 katika 10,000 tena, bali ni 3 katika 60, yaani moja katika 20. Na ikiwa mwizi huyo ameokota pochi yenye kitambulisho, basi hana haja ya kubahatisha kabisa. Mwenye namba ametupa kwa mkono wake ulinzi aliopewa.

Maneno ya siri ya barua pepe na kompyuta hufuata kanuni hiyo hiyo, ila hapo urefu ndio wenye nguvu zaidi. Kila herufi ndogo inayoongezwa huzidisha kazi ya mwizi mara 26. Ukiongeza herufi nne, umeizidisha mara 456,976. Hivyo maneno matatu au manne yasiyohusiana, yaliyounganishwa pamoja, ni bora kuliko neno fupi lenye alama za ajabu ambazo mwenyewe huzisahau na hatimaye huzibandika ukutani.

Mlango usio na kufuli

Mtu aweza kuzifunga sehemu zote tatu, na bado akaibiwa, kwa kuwa upo mlango wa nne usiowekewa kufuli ya chuma wala ya hesabu. Mlango huo ni yeye mwenyewe.

Watanzania wengi wamekwisha kupokea ujumbe unaosema kwamba ile fedha itumwe kwa namba nyingine. Anayeutuma hamjui anayemtumia. Anatuma kwa watu wengi sana, akitumaini kwamba miongoni mwao yupo aliyekuwa kweli anangoja maelekezo ya kutuma fedha. Kwa mawakala, hila huwa za ndani zaidi. Mtu hupiga simu akijitambulisha kuwa ni mfanyakazi wa kampuni, anazungumza kwa adabu, anataja jina la wakala, kisha anamwelekeza kubonyeza tarakimu hizi na hizi ili akaunti yake irekebishwe. Kumbe tarakimu hizo ni hatua za kawaida za kutuma fedha, na wakala mwenyewe ndiye anayetia namba ya siri mwishoni. Hakuna mtambo uliovunjwa hapo.

Hila nyingine ni ujumbe wa kughushi ulioandikwa mfano wa ujumbe halisi wa malipo. Kumbuka tulivyosema: fedha imo katika kumbukumbu za kampuni, si katika ujumbe. Basi ushahidi wa malipo ni salio, nalo hutazamwa kwa kuliuliza, siyo kwa kusomewa. Kanuni za kujikinga ni mbili, na zaweza kubandikwa ukutani mbele ya macho ya kila mtu. Kwanza, fedha taslimu haitoki kwenye droo kabla salio halijatazamwa. Pili, hapana tarakimu inayobonyezwa kwa maelekezo ya aliyepiga simu. Simu ikatwe, kisha mwenye duka apige mwenyewe 100, namba ya huduma kwa wateja. Namba za matapeli hupelekwa 15040, ambayo imetengwa na mamlaka ya mawasiliano kwa kazi hiyo.

Msaidizi wa dukani

Katika nchi yetu msaidizi wa biashara ndogo mara nyingi ni ndugu: mdogo wake mwenye duka, mpwa, au kijana aliyeletwa na jirani kutoka kijijini. Hapa ndipo mashauri ya vitabu vya kigeni yanapokosa kutufaa. Vitabu hivyo husema kuwa namba ya siri asiambiwe mtu yeyote. Lakini mwenye duka anapokwenda shambani au msibani kibanda hakifungwi, na kumnyima ndugu namba huonekana kuwa ni kumtilia shaka.

Yatupasa kulitazama jambo hili upya. Watu wawili wakijua siri moja, siku fedha itakapopungua hapana njia ya kujua kasoro imetokea kwa nani. Mwenye duka atamshuku msaidizi, msaidizi atanung'unika moyoni, na undugu utavunjika kwa ajili ya kosa ambalo pengine lilitendwa na tapeli aliye mbali. Kumtengea msaidizi siri yake basi si kumdharau. Ni kumkinga na shutuma asizostahili.

Pale ambapo taratibu za kampuni zinaruhusu, msaidizi apewe laini yake na namba yake. Salio atakaloachiwa liwe la kutosha kazi ya siku ile tu, na mtaji uliobaki utunzwe benki au katika laini isiyokaa kibandani. Jioni wahesabu pamoja fedha taslimu na salio, waandike jumla katika daftari na wote wawili watie sahihi. Msaidizi anapoacha kazi, hata kwa wema, namba zote alizozijua zibadilishwe siku ile ile. Iwe ni desturi ya duka, inayojulikana tangu siku ya kwanza, ili asije yeyote akaiona kuwa ni tuhuma.

Kompyuta ya duka

Karibu na mawakala yapo maduka ya kuchapa na kutoa fotokopi, ambako vijana huja kuandika barua za kazi na walimu kuchapisha mitihani. Kompyuta ya duka la namna hii hupokea diski mweko za watu wengi kwa siku moja, na kwa hiyo hupatwa na virusi kwa urahisi. Virusi vya kompyuta si vijidudu. Ni programu iliyoandikwa na mtu, yenye uwezo wa kujinakili. Mojawapo ya virusi vya kwanza vya kompyuta ndogo, kiitwacho Brain, kilitoka mwaka 1986 katika biashara ndogo ya ndugu wawili huko Lahore, Pakistan, waliotaka kuzuia programu yao isinakiliwe ovyo. Kilienea duniani kwa diski zilizopita mikononi mwa watu, kama vile kinavyoweza kuenea kutoka Same hata Hedaru leo.

Kinga ya kwanza ni kuiacha kompyuta ipokee marekebisho yanayotolewa na watengenezaji. Tarehe 12 Mei 2017 programu ya uhalifu iitwayo WannaCry ilianza kufunga majalada ya kompyuta na kudai fidia, ikaenea katika nchi zipatazo 150 na kuvuruga kazi za hospitali nchini Uingereza. Rekebisho la kuizuia lilikwisha kutolewa na Microsoft mwezi Machi mwaka huo huo, takriban miezi miwili kabla. Walioathirika wengi walikuwa hawajalipokea. Hapa kwetu marekebisho huahirishwa kwa ajili ya gharama ya vifurushi vya intaneti, lakini gharama hiyo ni ndogo kuliko ya kupoteza kazi ya mwaka mzima.

Kinga ya pili ni nakala za akiba, na juu ya jambo hili Wapare hawahitaji mwalimu wa kigeni. Wazee wao walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya kijito usiku, ili mchana yafunguliwe kwenda mashambani. Hawakungoja kijito kikauke ndipo wachimbe. Ndiva hukusanya maji usiku baada ya usiku, na huzibuliwa na kukarabatiwa kwa msaragambo kabla haijabomoka. Nakala za akiba nazo zifanywe kwa ratiba, kila jioni au kila Jumamosi. Kanuni inayokubalika ni kuwa na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine mbali na duka. Diski ya akiba isiachwe imechomekwa katika kompyuta, kwa kuwa programu ya fidia itaifunga nayo pia. Tena nakala ifunguliwe mara kwa mara kuona kama inasomeka, kwani ndiva iliyopasuka haina maji hata kama ukuta wake umesimama.

Taarifa za watu wengine

Daftari la wakala na kompyuta ya fotokopi hubeba majina, namba za simu na nakala za vitambulisho vya watu. Taarifa hizo si mali ya mwenye duka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imewawekea wanaokusanya taarifa hizo wajibu wa kuzilinda. Kwa duka dogo, wajibu huo huanza na mambo mepesi: nakala za vitambulisho zilizoharibika wakati wa kutoa fotokopi zichanwe, zisifungiwe maandazi, majalada ya wateja yafutwe baada ya kazi kukamilika, na daftari lisiachwe wazi juu ya meza, mahali ambapo kila apitaye aweza kusoma.

Siku simu itakapoibwa

Hata mwenye kuchukua tahadhari zote aweza kuibiwa. Siku hiyo dakika zina thamani, na mpangilio wa hatua ni lazima uwe umefikiriwa mapema. Kwanza, apige 100 kwa simu nyingine ya mtandao ule ule, aombe laini na akaunti ya fedha zifungwe. Hili litangulie kabla ya kumkimbiza mwizi na kabla ya kwenda polisi, kwa sababu kifaa hununuliwa tena, lakini salio likiondoka halirudi kwa urahisi. Pili, abadilishe maneno ya siri ya barua pepe na ya huduma nyingine zilizofunguliwa katika simu ile. Tatu, aende polisi na namba ya simu yenye tarakimu 15, apate taarifa ya upotevu, kisha aende kwa kampuni ya simu kurudishiwa laini na kuomba kifaa kifungiwe. Nne, awaarifu wateja na mawakala wenzake, ili mwizi asikope kwa jina lake.

Ni dhahiri kwamba mengi ya haya hayahitaji fedha. Yanahitaji daftari la namba za vifaa lililoko nyumbani, kufuli juu ya kila laini, namba ya siri isiyotabirika, hesabu ya kila jioni na nakala za akiba za kila wiki. Mwenye biashara anaweza kuanza leo jioni, kabla ya kufunga duka, kwa kubonyeza *#06# katika kila simu aliyo nayo na kuandika kile anachokiona.